Bolti, komeo, radi: mwezi mzima wa kupiga picha za neno moja

Nilijipa zoezi la kupiga picha za neno moja la Kiingereza, bolt, kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza iliisha nikiwa na bolti tupu: yenye kutu, mpya inayong'aa, iliyofungwa nati, iliyolala mezani. Zaidi ya picha themanini, zote zikisema jambo lile lile. Ukitazama moja umezitazama zote.

Kilichonikwamua ni kujiuliza neno hili ningelisemaje kwa Kiswahili. Hapo likapasuka vipande. Ya fundi ni bolti, sawa, lakini ya mlangoni ni komeo. Ya angani ni radi. Ya kitambaa ni jora. Farasi akishtuka akachomoka mbio, ametimka. Mtu akila bila kutafuna, anabugia. Hata figili ikiharakisha kutoa maua kabla haijavunwa, Kiingereza huisemea kwa neno hilo hilo. Kiswahili hakina neno moja la kubeba mzigo wote huo, na kwa mpiga picha huo ni msaada mkubwa, kwa sababu kila tafsiri inadai picha yake.

Kwa hiyo, ukipewa mada ya neno moja, lifasiri kabla hujashika kamera. Kisha tafuta asili yake. Zamani bolt lilikuwa mshale mfupi mnene. Nilipolijua hilo nikaanza kuona koo mbili za maana: vinavyochomoka ghafla kama mshale, yaani radi na farasi, na vipande vifupi imara vinavyoshikilia kitu kisitoke, yaani komeo na bolti. Ukoo wa kwanza unataka kasi, wa pili unataka subira na mwanga mzuri.

Radi ndiyo iliyonifunza zaidi, na ndiyo ninayokuomba uiheshimu. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kusubiri nione mwako ndipo nibonyeze. Huwezi kuuwahi, ukishauona, kidole bado kinajiandaa. Njia inayofaa usiku ni kuweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8, fokasi ya mkono iliyowekwa mbali kabisa, halafu kuacha shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, wazi sekunde 10 hadi 20, picha baada ya picha bila kupumzika. Nyingi zitatoka giza tupu. Radi itakayopiga shata ikiwa wazi itajichora yenyewe. Picha ikiunguzwa na mwanga, punguza tundu hadi f/11 (namba ikikua, tundu hupungua).

Lakini piga ukiwa ndani ya jengo, dirishani, au ndani ya gari lililofungwa lenye bodi na paa la chuma. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, gawa kwa 3, upate umbali kwa kilomita. Sekunde zenyewe zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na hupaswi kuwa nje. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 kabla ya kutoka. Mara moja nilikaa uwanjani nikijiambia mvua bado haijafika, na mpaka leo naiona siku ile kuwa ya ujinga mtupu. Radi haingoji mvua.

Kwa kinachotimka una njia mbili. Unaweza kukigandisha kwa shata ya 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi, au ukafuatisha kamera na mwendo wake kwa 1/30 au 1/60, mandhari ikafutika huku mwili ukibaki unatambulika. Mimi napenda ya pili, kwani picha iliyogandishwa mara nyingi huua mbio zenyewe. Hata hivyo, kugandisha ndiko kulikomaliza ubishi wa zamani: mwaka 1878 huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kwenye mstari, farasi akipita zikafyatuka moja baada ya nyingine, na ikaonekana kwamba farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Tena si ile iliyonyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora, bali iliyokunjwa chini ya tumbo.

Jora ni rahisi: dirisha moja la pembeni, mikunjo itajieleza. Komeo lilinishinda mpaka nilipoacha kulipiga kama chuma na kuanza kupiga alama lililoacha kwenye mbao, ule mfuo unaotokana na miaka ya kufungua na kufunga. Mwanga uliolala karibu sambamba na mlango ndio unaoutoa.

Halafu kuna bolti niliyokuwa nayo siku zote. Geuza kamera yako chini: kuna tundu la skrubu ya stendi. Katika karibu kamera zote duniani lina kipimo kimoja, upana wa robo inchi na nyuzi za skrubu 20 kwa kila inchi. Nilipiga picha themanini za bolti nikiwa nimeegemea moja bila kuiona.

Picha ninayoirudia sana si yangu. Agosti 2013, Moscow, mkimbiaji wa Jamaika Usain Bolt ameshinda mita 100 kwa sekunde 9.77, na katika picha ya mpiga picha Olivier Morin radi inakata anga nyuma yake. Maana mbili ndani ya fremu moja. Ndiyo, ni bahati. Ila kamera ilikuwa imeshafungwa mahali pake, ikifyatuliwa kwa mbali, fremu ikiwa imeachiwa nafasi ya anga. Angebana fremu kwenye uso wa mkimbiaji tu, radi ingepiga bure.

Sasa nimehamia neno la kwetu: paa. Paa la nyumba, paa wa porini, ndege kupaa, kupaa magamba ya samaki. Safari hii sikuanza na la wazi. Jana nilisubiri karibu saa nzima chini ya ukingo wa bati, shata kwenye 1/1000, nimeacha nusu ya fremu iwe anga, mpaka njiwa aliyetua juu akakunjua mbawa.