Mguu Ukilegea, Usiamue Wewe

Wadogo zangu wa ufuatiliaji wa polio, juzi nimemwona mmoja wenu akimhoji mama kuhusu mtoto aliyelegea mguu, kisha akaandika "ameanguka" na kufunga daftari. Nilimpokonya kalamu. Ndiyo maana naandika.

1. Mraba wa VVM (kibandiko cha chupa ya chanjo kinachobadilika rangi kwa joto) ukifanana rangi na duara lake, chupa hiyo weka kando. Hakuna mjadala.

2. Matone ya chanjo kwanza, wino wa alama kidoleni baadaye. Ukianza na wino mtoto atachomoka na kidole cheusi, na timu nzima mtamkimbiza mtaa mzima.

3. Kila AFP (ulegevu wa ghafla wa kiungo) kwa mtoto chini ya miaka 15 inaripotiwa. Kila moja! Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka minne, mguu mmoja umelegea siku ya tatu. Mama alisema ameanguka. Alisema pia kwamba homa ilitangulia, lakini hilo sikuliandika. Nilimfinya akalia, yaani hisia zilikuwepo, kama ilivyo kwa polio, na bado nikaandika "jeraha". Niliona polio ni habari ya wazee: mwaka 1988 ilikadiriwa kupooza watoto 350,000, na sasa kirusi-pori, yaani kirusi cha asili cha polio, kimebaki Afghanistan na Pakistan. Mwenzangu alimkuta mtoto yule siku ya 19. Sampuli za choo zikachukuliwa zimechelewa, maabara haikupata kitu, na kutopata kitu siku ya 19 hakumsafishi mtu. Tukachukua sampuli za watoto wanaocheza naye, nazo kimya. Siku ya 60 nilikwenda mwenyewe: mguu ulikuwa umeanza kusinyaa. Kamati ya wataalamu ilifunga faili kwa neno "huenda", yaani huenda ni polio. Mama aliniuliza mwanawe ana nini, sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Kumbukeni, katika watu kama 200 walioambukizwa hupooza mmoja. Tukimkosa huyo, wengine wote wanapita mbele yetu wakicheza. Afrika ilitangazwa huru na kirusi-pori Agosti 2020. Novemba 2021 mtoto alipooza Malawi, na kirusi chake kilikuwa na nasaba ya Pakistan. Kilionekana kwa sababu kuna mtu aliyeripoti.

4. Sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14, kwenye barafu. Kibebeo cha sampuli hakirudi kubeba chanjo.

Yule wa juzi alirudi kwa mama jioni ileile. Leo ni siku ya sita ya ulegevu, na sampuli zote mbili ziko njiani kwenda maabara.