Maswali na majibu: yai la nguruwe likikomazwa maabara

Wiki iliyopita niligusia kwamba mayai ya nguruwe hukomazwa nje ya mwili kwa msaada wa vichochezi vya ukuaji, yaani protini zinazoziagiza seli zikue. Maswali yaliyofuata yamezidi hata yale ya homa ya nguruwe.

Nguruwe hutaga? Mayai hayo yanapatikana wapi? (Mwanafunzi)

Hatagi, mwanangu. Ni mayai ya ndani ya ovari. Ovari huokotwa machinjioni na kupelekwa maabara zikiwa na uvuguvugu, kisha majimaji ya vifuko vya mayai vyenye upana wa milimita 3 hadi 6 hufyonzwa kwa sindano. Mayai yanayopatikana hulazwa kwa saa 42 hadi 44 katika nyuzi joto 39 hivi, ambalo ndilo joto la nguruwe mwenyewe. Ya ng'ombe huhitaji saa 24 tu. Kasoro ni kwamba machinjioni hufika zaidi nguruwe majike wachanga ambao hawajawahi kuingia joto (kutaka dume), na mayai yao bado ni machanga.

Hivyo vichochezi vya ukuaji vinalilishaje yai?

Hapa wengi hukosea, hata mimi nilikosea zamani. Vichochezi hupitia kwa majirani zake: kinachozungumza na yai hasa ni seli zinazolizunguka kama nyuki waliogandamana. Seli hizo hupenyeza vimikono vyembamba kwenye ganda laini la yai, na humo hupitisha chakula na maagizo. Wakati ukifika, hutanuka, zikatoa ute na kuvuta mikono yao. Zikichelewa au zikizubaa, yai litaonekana limekomaa kwa hadubini, kumbe tumboni mwake bado.

Ili kuziamsha seli hizo, maabara zilizoea kutia FSH na LH, homoni zinazokomaza mayai mwilini, pamoja na EGF, protini ambayo Stanley Cohen aliigundua kwenye tezi za mate za panya na ikamsaidia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Nyingine ziliongeza majimaji ya ovari yenyewe. Shida yake ni kwamba majimaji ya leo si sawa na ya jana, na huwezi kujua ni kipi kilichosaidia.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walitia protini tatu kwa pamoja: FGF2 nanogramu 40 kwa kila mililita, LIF 20 na IGF1 20. Seli za pembeni zilitanuka zaidi na vimikono vikakatika mapema. Mayai yaliporutubishwa, viinitete (mimba changa kabisa) vilivyofikia hatua ya kupandikizwa viliongezeka mara mbili. Vilipopandikizwa, wastani wa watoto kwa uzao nao uliongezeka mara mbili, ukafika kama tisa. Mara mbili kwa mara mbili: kila yai lililookotwa likawa na thamani ya manne. Mimi hupima kwa watoto waliozaliwa. Asilimia ya mayai "yaliyokomaa" hainisisimui.

Yakishakomaa, kazi imekwisha?

Bado. Kwa nguruwe, mbegu nyingi za kiume huingia yai moja kwa urahisi kwenye kisahani, na kiinitete cha namna hiyo huharibika.

Nina nguruwe majike sita huku Mbeya. Nianze lini?

Usianze, ndugu yangu. Dume zuri au uhimilishaji vitakutosha, na fedha inayobaki nunulia chakula. Faida ya kazi hii iko kwa wanaotengeneza nguruwe waliobadilishwa jeni. Januari 2022, huko Maryland, Marekani, mgonjwa wa moyo David Bennett alipandikizwa moyo wa nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 10 ya jeni, akaishi nao kama miezi miwili. Nguruwe kama hao hutokana na viinitete vya maabara, na yai bovu likitumika, gharama yote inamwagika.

Nikichanganya hivyo vichochezi kwenye pumba, si atazaa wengi?

Hapana, mama. Hizo ni protini; tumbo litazimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa, na dagaa ni rahisi zaidi.