Watafiti wa uonevu wa watoto wakibisha hodi shuleni kwenu: jibu langu kwa mleta uzi

Dada mleta uzi, salaam. Umesema chuo kimeleta barua kutaka kufanya kazi na shule ya msingi ya mtaani kwenu Mbagala kuhusu watoto wanaooneana, na kamati ya shule imegawanyika. Wengine wanasema hawa wanakuja kuchukua takwimu waende zao, wengine wanasema tuwapokee tu, wasomi hawakataliwi. Umeomba aliyewahi kupitia hilo aseme. Nimekaa kwenye kamati ya shule hapa Temeke kwa muda mrefu, na tumewapokea watafiti wa aina zote mbili, wanaochukua takwimu na kuondoka na wanaorudi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Mnivumilie wakuu.

Msimamo wangu ni huu: wapokeeni, ila kazi isianzie kwenye dodoso lao. Ianzie kwenye mambo ambayo watoto wenu na majirani wa shule tayari wanayajua, na kabla ya siku ya kwanza mkubaliane majibu yatarudi kwa nani na lini.

Timu ya kwanza iliyokuja kwetu iligawa madodoso darasa la tano na la sita, watoto wakajaza, wakapewa kalamu, gari likaondoka. Hatukuona tena mtu wala karatasi. Watu wazima tulilalamika wiki moja tukasahau. Watoto hawakusahau. Mtoto akiulizwa "je, kuna mtu anakupiga au kukunyang'anya vitu?", akaandika ndiyo, halafu asione chochote kikibadilika, amejifunza kwamba kusema hakusaidii. Mama mmoja alituambia kwenye kikao kuwa mwanawe alikuwa kila siku anauliza, "Mama, wale wameshasoma?" Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dodoso halina madhara. Kumuuliza mtoto jambo linalomuumiza ni ahadi, hata kama hakuna aliyetamka neno ahadi.

Timu ya pili ilikuja tofauti. Walianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakaomba kikao na kamati, wakaja mikono mitupu, na swali lao la kwanza likawa: nyie mnaona tatizo liko wapi? Tukajibu kwa kujiamini kabisa, darasani na uwanjani wakati wa mpira. Wakasema sawa, sasa tuwaulize watoto.

Walitandika karatasi za manila sakafuni, wavulana chumba kimoja, wasichana kingine, kila kundi na mtu mzima ambaye si mwalimu wao. Watoto wakachora shule yao na njia za kwendea nyumbani. Kisha wakaambiwa wapake kijani pale wanapojisikia salama na nyekundu pale wanapoogopa. Darasani kukawa na nyekundu kidogo, uwanjani kidogo vilevile. Nyekundu ilijaa nyuma ya vyoo, kwenye bomba la maji, na zaidi ya kote kwenye kichochoro kati ya ukuta wa shule na gereji, kile cha kutokea kituo cha daladala.

Wakaulizwa saa ngapi. Hapo ndipo tulipofumbuka macho. Shule yetu, kama nyingi za Dar, ina zamu mbili. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wameongezeka na madarasa hayatoshi, hivyo wa asubuhi hutoka wakati wa mchana wanaingia. Katika muda ule mfupi wa kupishana, makundi mawili yanakutana kwenye kichochoro kimoja, na hakuna mwalimu mwenye jukumu, kwa sababu wa asubuhi wanafunga na wa mchana hawajaanza. Wakubwa wanaotoka wanawasubiri wadogo wanaoingia na hela ya mihogo mkononi. Ukitaka kupita, unatoa. Huna, unabebeshwa begi hadi kituoni, na ukichelewa namba unachapwa na mwalimu. Yaani mtoto anaonewa mara mbili kwa kosa ambalo si lake.

Kuna binti wa darasa la tatu alipaka nyekundu geti kuu. Watu wazima tukadhani amekosea rangi, maana getini kuna mlinzi. Alipoulizwa akasema kwa sauti ndogo, "Pale ndo wananiita Makopo." Mama yake anaokota chupa za plastiki mtaani kwa ajili ya kuuza. Hakuna aliyempiga wala kumnyang'anya kitu. Dodoso la "umepigwa mara ngapi mwezi huu" lingemhesabu kama mtoto asiye na tatizo, wakati kila asubuhi alikuwa anapita getini ameinamisha kichwa.

Aliyejua mengi kuliko sisi sote alikuwa mama anayekaanga mihogo mdomoni mwa kile kichochoro. Anawaita watoto wote wajukuu, wao wanamwita bibi. Alijua nani anamdai nani, nani amehama njia siku hizi na anazunguka barabara kubwa ili asikutwe. Tulipomuuliza mbona hakuwahi kuja ofisini, alijibu, "Niende nikamwambie nani, baba? Mimi muuza mihogo." Watafiti wakamweka kwenye timu. Wakamweka na ustadhi wa madrasa, kwa sababu ugomvi wa shuleni ulikuwa unaendelea jioni njia ya madrasa, na mwalimu wa watoto wa kanisa la jirani. Vijana wa kijiwe cha bodaboda nao walijitolea, ila hapo tulikuwa wakali kidogo: mtu mzima yeyote anayepewa jukumu karibu na watoto lazima serikali ya mtaa imfahamu, anapoishi na mwenendo wake. Nia njema peke yake haitoshi.

Tulichofanya hakikuhitaji fedha nyingi. Mwalimu mkuu akatenganisha muda wa kutoka na wa kuingia, wazazi wakapeana zamu kusimama kichochoroni, bibi wa mihogo akawa na ruhusa ya kwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa unasihi, yule anayewasikiliza na kuwashauri watoto, bila kusubiri barua. Muhula uliofuata watafiti walirudi na manila zilezile. Kichochoro kilikuwa kimepungua wekundu sana. Majina ya kejeli hayakupungua kiasi hicho, na walituambia hivyo waziwazi mbele ya wazazi. Ilinipa imani nao, kwa sababu wangeweza kutusifia tu tukapiga makofi.

Sasa wale wanaosema mambo ya utafiti ni ya Wazungu, hebu tuone yanatufaa nini. Norway, baada ya vijana watatu kujiua mwishoni mwa 1982, huku uonevu wa wenzao ukionekana kuwa chanzo, serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima mwaka 1983, na mwanasaikolojia Dan Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 mjini Bergen. Kwake yeye uonevu una mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na kuna mwenye nguvu dhidi ya asiye nazo. Utani wa Mzaramo na Msukuma hauko hapo, wala ngumi za watoto wawili walio sawa. Kamati yetu ilihitaji sana mpaka huo, kwa sababu bila huo kila kesi inaishia kwenye "watoto ndivyo walivyo" au kwenye fimbo kwa wote wawili.

Halafu kuna kazi ya Toronto, Kanada, iliyochapishwa 2001. Watafiti waliwarekodi watoto wa shule za msingi wakicheza, wakitumia kamera na vinasa sauti. Katika matukio ya uonevu, wenzao walikuwepo katika asilimia 88, lakini waliingilia asilimia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya safari hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nilipoisikia hiyo nilifikiria kichochoro chetu, watoto wamejaa pande zote wanaangalia. Chuo Kikuu cha Turku, Finland, kupitia Christina Salmivalli na wenzake, walijenga mpango mzima unaoitwa KiVa juu ya hao watazamaji: anayecheka pembeni, anayeshika begi la mwonevu, anayejifanya haoni, na yule anayethubutu kusema "mwache". Kwetu watoto wenyewe walichagua neno la kutumia, "Mwache apite," na kulisema wakiwa kundi, kamwe si mtoto mmoja peke yake mbele ya wababe. Hilo la kundi nalisisitiza. Msimtume mtoto mmoja kuwa shujaa.

Ila msitegemee miujiza. Wachambuzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Farrington na Ttofi, walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2011 wakakuta mipango ya shuleni hupunguza uonevu kwa takriban asilimia 20. Vitu vilivyoambatana na matokeo mazuri ni pamoja na mikutano ya wazazi na usimamizi bora wa sehemu za kuchezea, yaani mambo ambayo mtaa unaweza kuyafanya hata kabla mradi haujapata fedha.

Na hapa wakuu nitasema jambo ambalo halipendwi. Huwezi kumfundisha mtoto kwamba mwenye nguvu asimpige mnyonge huku yeye mwenyewe anachapwa ovyo. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Kila mzazi anayesoma hapa anajua hali halisi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009, ambao Muhimbili walishiriki pamoja na UNICEF, ulionyesha karibu robo tatu ya watoto wa nchi hii wakati huo walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya miaka 18, na walimu walikuwa kati ya waliotajwa. Uganda, shirika la Raising Voices lilishirikiana na watafiti kupima mpango wao wa kupunguza ukatili shuleni katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na matokeo ya 2015 yalionyesha ukatili wa mwili kutoka kwa watumishi wa shule ukipungua kwa asilimia 42. Hapa hapa Chang'ombe, wataalamu wa DUCE, chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameshirikiana na wenzao wa Ujerumani kuwafundisha walimu njia za nidhamu zisizo za fimbo. Kwa hiyo chuo kikija kwenu na mpango unaowagusa watoto tu bila kuwagusa walimu na wazazi, waulizeni kwa nini.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Ombeni kibali cha utafiti, kwa kawaida kinapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa na halmashauri ndipo kimfikie mwalimu mkuu, na muone kama kamati ya maadili ya utafiti imepitia kazi yao. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili chepesi, mzazi asaini, na mtoto mwenyewe aulizwe na aruhusiwe kukataa hata kama mzazi amekubali. Picha za watoto hapana.

La muhimu kuliko yote, waulizeni: mtoto akifunua jambo zito wakati wa mahojiano, mfano anaguswa vibaya na mtu mzima, mtafanya nini siku hiyo hiyo? Jibu sahihi lina jina la afisa ustawi wa jamii wa kata na njia ya kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wakisema "tutaandika kwenye ripoti", kazi isianze.

Tarehe ya mrejesho iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla hawajaonana na mtoto hata mmoja, mkutano uwe wa wazazi wote na si wa kamati tu, na watoto wapate mrejesho wao peke yao kwa lugha yao. Manila zibaki shuleni. Zetu zipo kwenye kabati la mwalimu wa unasihi, na kila mwaka darasa jipya linachora zake.

Mwisho, umegusia kuna mtoto wa jirani yako ambaye sasa hivi anagoma kwenda shule. Huyo asisubiri utafiti wowote. Mzazi wake aende kwa mwalimu wa unasihi kesho asubuhi akiwa na tarehe na majina, na kama anaona anazungushwa, apige 116, namba ya huduma kwa mtoto, haina gharama. Wewe ukishakaa na hao wa chuo, rudi hapa utuambie walivyojibu lile swali la afisa ustawi.