Taa imefifia? Usikimbilie globu

*Fundi, nina Land Rover 109, nabeba chumvi kutoka Uvinza kuleta Kigoma mjini. Taa ya kushoto inawaka nyekundu kama kaa, ya kulia ni nzuri. Nimeshabadilisha globu mbili. (Dereva, Uvinza)*

Pole sana ndugu yangu, ya tatu usinunue. Betri au oltaneta (mashine inayochaji betri) ingekuwa mbovu, taa zote mbili zingefifia. Mimi nashuku ethi ya upande huo, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi kwenye betri. Bodi ya gari lako ni alumini na boliti ni ya chuma. Vikikutana na chumvi na unyevu, pale waya wa ethi ulipofungwa huliwa upesi, na umeme unakosa njia ya kurudi kwenye betri. Washa taa, globu ikiwa mahali pake. Mita iwe kwenye volti. Ncha moja iguse mguu wa ethi wa globu, nyingine iguse kichwa cha betri kinachokwenda kwenye bodi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umempata mwizi. Fungua boliti, piga msasa mpaka ping'ae, kaza, kisha paka grisi. Usipime taa ikiwa imezimwa, maana hapo hata waya uliooza huonekana mzima. Na usingoje: volti zikipungua asilimia 10 tu, mwanga hupungua karibu asilimia 30, na usiku barabarani kuna watoto na baiskeli zisizo na taa.

*Shikamoo fundi. Toyota ya zamani ya marehemu baba haiwaki taa zote mbili. Wamepima kwa testa, pini zote tatu za globu zina moto (umeme). Wanataka kufumua waya zote. (Kasulu)*

Marahaba mwanangu. Wazuie. Toyota nyingi za zamani swichi haikati moto, inakata ethi. Kwa hiyo globu ikiwa imechomekwa na njia ya kurudi imekatika, moto hupita kwenye nyuzi za globu na kujitokeza pini zote. Chomoa globu zote mbili mpime tena. Ukibaki kwenye pini moja tu, waya ni wazima. Kagueni swichi ya dimu (ya kubadili taa kubwa na ndogo) kwenye usukani na ethi yake.

*Fyuzi ya taa inakatika kila mara, nimeweka karatasi ya sigara. (Ujiji)*

Itoe sasa hivi, nakusihi. Globu mbili za wati 60 huvuta ampea 10 hivi. Fyuzi ya 15 inatosha kabisa. Ikikatika, kuna waya uliochubuka unagusa bodi, na kwa karatasi hiyo utaungua waya badala ya fyuzi. Anza kuutafuta nyuma ya taa, pale waya unapopenya tundu la bodi.