Unatafuta developa wa kuanzisha naye kampuni? Acha kwanza kuuza wazo

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, ana wazo kali la apu, anatafuta developa, yaani mtu wa IT wa kumjengea, hela ya kumlipa hana ila atampa asilimia 10 ya hisa "tukishatoboa", na kabla hajamwambia wazo lenyewe anataka jamaa asaini karatasi ya kutunza siri. Anauliza mbona kila anayemfuata anaingia mitini.

Dada yangu, meseji ya hivyo developa yeyote anayejua kazi ameshazipokea nyingi mpaka amechoka. Yeye akeshe miezi bila mshahara, ajenge kila kitu, halafu wewe ubaki na 90 kwa sababu uliwaza wa kwanza? Na hiyo karatasi ya siri ndo inamaliza kabisa, mtu hajakujua unaanza kumwona mwizi.

Mimi koding sijui mpaka leo na wala sioni aibu. Nilianza kuunganisha watu na mafundi, wa bomba, umeme, friji, kwa fomu ya Google, WhatsApp na spredishiti moja iliyokuwa inaganda kila nikiifungua. Mteja anajaza fomu, mimi napiga simu kwa fundi, nakata kamisheni yangu, basi. Siku moja mteja kanipigia analalamika fundi kachelewa, katikati ya kufoka akauliza huo mfumo wenu umejengwa na nani, nikamwambia kaka mfumo ni mimi hapa. Akacheka sana. Kumbe ni developa. Akaomba kuona ile spredishiti, akakuta watu wanarudi mara ya pili mara ya tatu na wanalipa, na kuanzia hapo yeye ndo akawa ananibembeleza tufanye wote. Ndiyo, naringa, acheni niringe.

Maana kabla yake alikuwepo developa mwingine. Huyo jina simtaji. Nilivyosema tuandikishane akanijibu sisi ni ndugu, makaratasi ya nini. Akapata ajira nono akaondoka, programu yote iko kwenye akaunti yake ya GitHub, kule developa wanakohifadhi kazi zao, domeni, yaani anwani ya tovuti, kaisajili kwa jina lake, nikimwandikia naona tiki za bluu tu. Na bado akawa anawaambia watu nusu ya kampuni ni yake! Mpaka leo nikikutana naye mahali salamu yangu ni fupi.

Kwa hiyo sikilizeni ndugu zangu. Hisa hazigawiwi zote siku ya kwanza. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, mwaka wa kwanza mtu hapati kitu, akiumaliza robo ya hisa alizoahidiwa inakuwa yake, zinazobaki anazipata kidogo kidogo kila mwezi. Akiondoka mwezi wa 11 anaondoka mikono mitupu, na wewe mwenye wazo ujiwekee sheria hiyo hiyo, usijifanye mfalme. Muandikishane pia kwamba kila anachojenga ni mali ya kampuni, kwa sababu nchi nyingi aliyeandika programu ndo mwenye haki nazo kama si mwajiriwa na hamna mkataba. Domeni, seva, akaunti zote ziwe kwa jina la kampuni.

Mnaniuliza sana mtu wa hivyo anapatikana wapi. Anzeni na watu mnaofahamiana! Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba na vyumba kwa wageni, ilivyoanza mwaka 2008, Brian Chesky na Joe Gebbia wote walisomea ubunifu, aliyejenga mtandao wenyewe ni Nathan Blecharczyk, ambaye Gebbia alishawahi kuishi naye nyumba moja. Wakati unatafuta uza, uza kwa mkono, uza kwa simu, acheni uvivu jamani, mtu hajawahi kuuza hata kwa mteja mmoja anataka apu ya Android na ya iPhone kwa mpigo.

Ukimpata usikimbilie kusaini. Mfanye kitu kidogo pamoja kwanza, cha wiki chache, na kama una vijisenti mlipe. Angalia akikwama anakwambia au anapotea hewani. Na yeye anakupima, kila Ijumaa anataka kuona umeongea na wateja wangapi, sasa wewe ukawe unamtumia rangi za logo.