Mchana inakubali, usiku inagoma

SWALI: Ofisini tuna seva mbili za Windows, moja iko domeni (kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja) ya MAKAO, nyingine TAWI. Domeni hizo haziaminiani, yaani akaunti za moja hazikubaliwi na nyingine. Folda ya Nakala iliyo TAWI nimeipa herufi Z: kwenye seva ya MAKAO, na nikinakili kwa mkono mambo ni shwari. Kazi niliyoipanga ijiendeshe saa 8 usiku hushindwa kila siku. Je, ni lazima niunganishe domeni? Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Uaminifu kati ya domeni unafaa pale watu wengi wa upande mmoja wanapohitaji mafaili ya upande wa pili (na hapo domeni yenye folda ndiyo inayoiamini yenye watu, wengi hugeuza). Kwa kazi moja ya usiku ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja.

Z: ni ya kikao chako ulichoingia wewe. Kazi ya usiku hufungua kikao chake, na humo hakuna Z:. Kwenye skripti (faili la amri ambalo kazi hiyo huendesha) weka njia kamili: \\seva2.tawi.local\Nakala.

Kisha huko TAWI tengeneza akaunti ya kazi hii tu, tuseme mnakili. Ipe ruhusa ya kuandika mahali pawili: kwenye mipangilio ya kushirikisha folda na kwenye kichupo cha Security. Ruhusa iliyo finyu ndiyo hushinda.

Rudi MAKAO, fungua dirisha la amri kwa akaunti ileile inayoendesha kazi (amri ya runas husaidia kulifungua kwa akaunti nyingine), andika amri hii ya kuhifadhi nenosiri:

cmdkey /add:seva2.tawi.local /user:TAWI\mnakili /pass

Utaulizwa nenosiri. Jina la seva lifanane na la kwenye skripti. Ukihifadhi jina kisha skripti ikatumia IP (anwani ya namba ya seva), nenosiri hilo halitaguswa. Kwenye mpangilio wa kazi usiweke alama ya kutohifadhi nenosiri, maana kazi itakosa ruhusa za mtandao.

Ikigoma, soma namba ya kosa. 53: jina halipatikani au poti 445 (mlango wa mtandao wa kushirikisha mafaili) imefungwa. 1326: jina au nenosiri si sahihi, mara nyingi umesahau TAWI\ mbele. 5: umeingia, ruhusa ndiyo haitoshi. 1219: kikao hicho tayari kimeunganishwa na seva hiyo kwa jina jingine, kikate kwa net use /delete.

Kama unatumia Robocopy (amri ya Windows ya kunakili mafaili), ongeza /R:2 /W:10, yaani irudie mara 2 ikisubiri sekunde 10. Usipoweka, faili moja lililofungwa litajaribiwa mara 1,000,000, kila baada ya sekunde 30.