Lenzi Kushika Ukungu Ziwani: Anza na Joto la Kioo, Kitambaa Baadaye

Waongozaji wenzangu wa Mwanza mtakuwa mmeliona hili. Mgeni amelala na kiyoyozi usiku kucha, darubini ipo mezani, upepo wa baridi unaipiga. Asubuhi anaingia kwenye gari lenye kiyoyozi tena mpaka gatini Capri Point, pa kupandia boti ya kisiwa cha Saanane. Usiku mvua ilinyesha, sasa jua limetoka. Akiitoa tu darubini kwenye mkoba, lenzi zote zinakuwa nyeupe. Furukombe, yule tai mla samaki, katua juu ya jiwe pale mbele, kwa macho anaonekana, kwa darubini hakuna kitu.

Hapo karibu kila mtu huvuta pindo la fulana na kuanza kusugua. Tafadhali mzuieni. Kwanza haisaidii: hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 75 huacha maji juu ya chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 20 hivi. Lenzi iliyotoka kwenye nyuzi 18 ni kama soda iliyotoka kwenye friji; futa unavyotaka, itatoa jasho tena hadi kioo chenyewe kipate joto. Pili, kama mgeni ametokea Serengeti, ile lenzi ina vumbi la barabara. Vumbi likichanganyika na maji halafu likasuguliwa na fulana, linachora mikwaruzo ambayo haitoki tena.

Dawa ni kuipa darubini au kamera muda wa kupata joto. Mgeni akiwa bado chumbani, mwambie aitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu, autoe hewa, aufunge, ndipo atoke nao nje. Umande utashika juu ya plastiki, kioo kitabaki kikavu. Asifungue mpaka nusu saa hivi ipite; kamera yenye lenzi kubwa huhitaji zaidi. Kilicho rahisi kuliko vyote ni kuzima kiyoyozi mapema, au kuweka vifaa kabatini usiku, mbali na ule upepo.

Boti ya alfajiri kule kisiwani Rubondo ina shida ya namna nyingine. Upepo wa ziwa umekipoza kioo, na pumzi yako ni ya moto na yenye maji, kwa hiyo hushika ukungu upande wa jicho tu. Usiibandike darubini usoni muda wote ukimsubiri nzohe, yule swala wa majini, atoke kwenye matete. Ishushe kifuani, inyanyue unapomwona, na pumzi itoe kwa pua.

Wenzetu wanaotembea na wawindaji, kwenye pori la akiba la Maswa kwa mfano, wanakutana na jambo hilohilo kwenye darubini ya bunduki, na kwao ni zito zaidi. Kama mnyama haonekani sawasawa, risasi isipigwe, basi. Vifuniko vya lenzi vikae mpaka wakati wa kulenga. Na kwenye kambi za baridi, bunduki iliyopoa isilazwe karibu na moto, ikashika umande kama ile soda, kisha ikarudishwa nje asubuhi. Ifungiwe kwenye sanduku lake, mahali pasipo na joto.

Ukungu ulio ndani ya kioo ni habari tofauti. Darubini nzuri hujazwa gesi kavu kiwandani, mara nyingi naitrojeni, na kuzibwa kwa mipira. Ukiona weupe usiofutika upande wowote, ule mpira umeachia na unyevu umeingia. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi, mpelekee fundi wa lenzi. Ukiiacha hivyo kwa miezi katika hewa yetu hii, kuvu huota: nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni, na asidi yake hula ule utando wa rangi uliopakwa kwenye kioo. Mimi hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu vifaa vingi vinavyoharibika huku vinaharibikia kabatini, ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa ukiwa na unyevu.

Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, weka ndani punje za silika, zile zinazonyonya unyevu na kubadilika rangi. Zikibadilika, zimeshiba maji. Zitandaze kwenye trei, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kama saa mbili, zitarudi rangi yake. Mchele usiweke, una vumbi.

Na ukinunua darubini ya mtumba, usiridhike kwa kuangalia mbali tu. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia kwa upande wa pili kwa kuinamisha kidogo, uzungushe taratibu. Kuvu na ukungu wa ndani huonekana hapohapo, kabla hujatoa hela.